Kaka Hajajenga, Mdogo Amehamia

Kwa msomaji aliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, nitarudia kwa ufupi, ila asizoee.

Owiti ni karani wa mizani kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara pale Igogo. Zamani alikuwa kwenye kinu cha pamba njia ya Magu. Kinu kikauzwa, mnunuzi akaja na watu wake, Owiti akapewa kiinua mgongo na kuambiwa ashike njia. Aliishika, akapata kazi Igogo, lakini chumba chake cha kupanga kikabaki Kisesa. Kati ya Kisesa na Igogo pana mji mzima wa Mwanza, na Owiti ana baiskeli.

Lango la kiwanda linafungwa saa moja kamili asubuhi. Likikufungia nje mara tatu, huna kazi. Owiti lilikwisha kumfungia mara mbili.

Ndiyo maana aliamua kununua nyumba karibu na kazini kabla kiinua mgongo hakijaisha kwa nauli na soda. Akampata dalali, Mihayo, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye wiki iliyopita alimpeleka Misungwi na kumwapia kwamba kutoka pale hadi Igogo ni dakika ishirini. Owiti akajaribu njia hiyo kwa baiskeli. Alipofika Igogo, walinzi wa asubuhi walikuwa wanawakabidhi wenzao wa mchana. Alipomrudia Mihayo kwa hasira, Mihayo alimweleza kwa utulivu kwamba zile dakika ishirini alizipima akiwa ndani ya gari la mheshimiwa mmoja.

Hapo ndipo tulipoishia. Na msinitumie barua za kuuliza kama nimetunga. Owiti mwenyewe ndiye aliyenisimulia, amekaa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, akaniambia niandike yote mradi nisimpambe. Sikuona hata pa kuanzia kumpamba.

Jumapili iliyofuata Mihayo akampeleka Mkolani, na safari hii mke wa Owiti, Agutu, alifuatana nao.

"Leo sisemi dakika," alisema Mihayo. "Dakika utazisema mwenyewe."

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na sebule, bati zima, ukuta wa nyuma umekaribia jiwe kubwa ambalo majirani walikuwa wameanika dagaa. Mwenyewe alikuwa mama mjane aliyetaka kuuza ili ahamie kwa mwanawe Geita. Owiti hakuingia hata ndani. Alipanda baiskeli, akatazama saa, akateremka hadi lango la kiwanda na kurudi. Alirudi jasho linamtiririka na meno yote nje.

"Nafika hata kama nimesahau shati nikarudi kulichukua!"

"Sasa unangoja nini?" aliuliza Agutu, ambaye tayari alikuwa ameshachagua pa kuweka kabati la vyombo.

Uso wa Owiti ukabadilika. Alikuwa anamngoja kaka yake.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya wasomaji wa mikoa mingine. Owiti ni Mjaluo wa Rorya, kule Mara. Kwao mdogo hawezi kuwa na mji wake kabla ya mkubwa wake. Mkubwa ndiye anayetangulia. Anakwenda mahali papya na jogoo na shoka, mkewe amebeba moto, wanalala pale, na tangu siku hiyo pale ni mji wa mtu. Baada ya hapo ndipo wadogo wafuate. Anayemtangulia mkubwa wake anailetea familia balaa, nalo wanaliita chira. Ubaya wa chira ni kwamba halina adabu ya kumtafuta mkosaji. Linaweza kumpita yeye likaingia kwa mtoto wa kaka yake.

Owiti ana kaka mmoja tu, Ogada. Ogada ana mke, watoto, ng'ombe na mtumbwi, ila mji hana. Bado anakaa uani kwa marehemu baba yao. Kila mwaka anasema atajenga mwakani, na ameanza kusema hivyo tangu tunapanga foleni ya sukari.

"Lakini si wewe uliyesema hayo ni mambo ya wazee?" Agutu alimkumbusha. "Ulisema mbele ya watu, kwenye harusi, na ukacheka."

"Nilisema."

"Sasa unaogopa?"

"Siogopi. Naheshimu."

Mjini wapo wengi wanaoheshimu namna hiyo. Mbele za watu wanacheka mila mpaka wanajishika mbavu, wakibaki peke yao wanachungulia uvunguni kabla ya kulala.

"Basi mwambie ukweli," alisema Agutu. "Panda basi uende Rorya, mwambie kazi inakuponyoka. Ogada si mtu mbaya. Labda atajenga, labda atakaa na wazee waone la kufanya."

"Ogada? Akianza kujenga leo, mimi nitahamia Mkolani na mkongojo."

"Hujamuuliza."

"Namjua."

Hakumuuliza. Naomba msomaji alishike hilo, maana ndilo lililomkaanga.

Mihayo alikuwa amekaa kando anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, kimya, kama hayamhusu. Dalali akikaa kimya ujue anasikiliza kwa makini sana.

"Samahani, Bwana Owiti," alisema. "Nyie kwenu kinachokatazwa ni kuwa na nyumba, au hata kupanga?"

"Kupanga anapanga yeyote. Chumba cha kupanga si mji."

"Basi panga."

"Nipange nyumba ninayoinunua?"

"Kwa watu, umepanga. Kwenye roho yako, umenunua. Siku kaka yako akijenga, mnatoa soda, mnawaambia watu ukweli, mnacheka. Kinachotakiwa ni mtu mmoja mwaminifu wa kuandikwa jina kwa muda."

"Nani huyo?"

Mihayo akainamisha macho kama mwari anayeulizwa kama amekubali posa.

"Mimi sipendi mambo makubwa, mwanawane," alisema. "Lakini kwa ajili yako nitajitahidi."

Agutu alikataa palepale, na alikataa kwa sauti.

"Baba Hellen, nyumba isiyo na jina lako ni ya nani?"

"Ya kwangu. Ila kimya kimya."

"Nyumba haina kimya kimya! Ina bati!"

"Mama Hellen, lango linafungwa saa moja. Unataka nifukuzwe ndiyo ufurahi?"

Mwanamke akiulizwa hivyo atajibu nini? Agutu akarudi kulipimia kabati mahali pake.

Siku ya kuandikiana walikutana kwa balozi wa nyumba kumi, Mama Paskazia, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye hapendi kuharakishwa. Mjane alikuwepo, anayeuza. Mihayo alikuwepo na koti, anayenunua. Owiti alikuwepo pembeni, na fedha zake alikuwa ameshampa Mihayo nyuma ya jiwe ili Mihayo azitoe mfukoni mwake mbele ya watu. Alizitoa vizuri kweli. Alizitoa kwa uchungu, akihema, mpaka Owiti mwenyewe akamwonea huruma.

"Mnunuzi ni nani?" aliuliza balozi.

"Mimi, Mihayo."

"Na huyu?"

"Mpangaji wangu."

Balozi akamgeukia Owiti. "Ni kweli? Wewe ni mpangaji? Huna dai lolote kwenye nyumba hii?"

"Ndiyo, mama. Sina."

"Sema kwa sauti. Huyu mama muuzaji hasikii vizuri."

"MIMI NI MPANGAJI!" Owiti alipaza sauti. "NYUMBA NI YA MIHAYO!"

Wanawake waliokuwa wanageuza dagaa juu ya jiwe waliacha kazi, wakamtazama. Mmoja akampungia mkono.

Wakahamia. Na kwa kweli, miezi ya kwanza ilikuwa raha tupu. Owiti alikuwa anafika langoni kabla ya mlinzi mwenye funguo. Meneja alimsimamisha mbele ya wenzake akasema wafanyakazi wote wawe kama Owiti. Jioni alikuwa anaketi barazani kwake, mguu juu ya mguu, anawatazama watu wa mbali wakipita na vumbi lao. Akatuma salamu Rorya kwa utingo wa basi: mwambie kaka nimepanga Mkolani, karibu na kazi, hatujambo wote.

Salamu zikarudi: kaka amefurahi sana.

Mihayo naye akaanza kuja kila Jumapili.

Mwanzoni alikuja kuigiza. Alikuwa anasimama uani majirani wakimwona, anatazama bati, anagonga ukuta kwa kidole, anasema, "Mpangaji, nyumba naona unaitunza." Owiti anajibu, "Ndiyo, mzee." Wakiingia ndani wanacheka.

Baadaye wakawa wanaingia ndani na Mihayo hacheki.

"Huu msumari nani kaupiga hapa?"

"Mihayo, tuko ndani. Hakuna anayetusikia."

"Lazima tuzoee, Bwana Owiti. Tusipozoea, siku tutakosea mbele za watu. Ng'oa msumari."

Owiti akang'oa msumari. Wiki iliyofuata Mihayo alimkataza Agutu kuanika nguo juu ya jiwe, eti zinaishushia nyumba hadhi. Wiki iliyofuata tena alikuja na ombi dogo, la kodi. Si kodi ya kweli, alisema, ni ya kuonyesha tu, kwa sababu majirani wameanza kujiuliza kwa nini mpangaji hadaiwi. Angeipokea barazani, halafu angeirudisha.

Owiti akalipa barazani. Hadi leo anangoja kurudishiwa.

"Unapangishwa nyumba yako," Agutu alimwambia jioni ile. "Nimeolewa na mtu anayepangishwa nyumba yake!"

"Ni ya kuonyesha tu."

"Nionyeshe na mimi basi."

Owiti akatoka nje kusafisha baiskeli. Siku hizo baiskeli yake ilikuwa inang'aa sana.

Sasa tufike Jumamosi yenyewe.

Kiwanda kilifunga mchana. Owiti alipanda kilima cha Mkolani anapiga mluzi, ana sangara wa robo kwenye mfuko, na alipofika karibu na nyumba akaona watu uani. Kwanza alimwona jogoo mwekundu amefungwa mguu kwenye nguzo ya baraza. Kando ya jogoo palikuwa na shoka jipya, mpini bado mweupe.

Mluzi ukakatika.

Kwenye kiti chake alikuwa amekaa kaka yake, Ogada, na suruali ya Krismasi. Mke wa Ogada, Ajwang, alikuwa jikoni, na jiko la mkaa la Agutu lilikuwa limesogezwa nje. Balozi Paskazia alikuwa kwenye kigoda, miwani imefungwa uzi mpya. Mihayo alikuwa amesimama katikati, na koti lilelile.

"Shikamoo, kaka," alisema Owiti.

"Marahaba, mdogo wangu! Njoo! Njoo ukae hapa karibu yangu." Ogada alimkumbatia mpaka sangara akadondoka. "Omera, mbona umekonda? Ni mawazo. Nimejua. Leo yanakwisha."

"Kuna nini, kaka?"

Ogada akajifuta uso. Ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alikuwa ameyaandaa njiani.

"Masika yaliyopita mtoto wangu mdogo aliugua," alianza. "Aliugua sana. Tukahangaika naye hospitali, hapati nafuu. Wazee wakaniita, wakaniuliza: je, yuko mtu wa kwenu amekutangulia kujenga? Nikasema hapana. Wakasema, una mdogo wako Mwanza mwenye kazi, una hakika? Nikasimama, Owiti. Nikaapa kwa jina la mtoto mwenyewe. Nikawaambia, mdogo wangu hawezi kunifanyia hivyo. Mdogo wangu amepanga."

Owiti alihamia Mkolani kabla ya masika. Mtu huyu asiyeogopa, anayeheshimu tu, alishika nguzo ya baraza, na jogoo akamdonoa kidole.

"Mtoto je?" aliuliza.

"Amepona. Mungu amesaidia, na sindano. Lakini kile kiapo kiliniingia moyoni. Nikajiuliza, kwa nini Owiti anapanga? Ana mke, ana mtoto, ana kazi kwenye kiwanda cha wazungu, na kila mwezi anampa mtu mwingine kodi. Ni kwa sababu yangu. Ni kwa sababu mimi nasema mwakani, mwakani, na yeye kwa heshima yake anangoja. Nikaona aibu, mdogo wangu. Nikalia."

Akalia tena kidogo. Balozi Paskazia akavua miwani akaipangusa.

Owiti alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amemwogopa kaka huyu, amemficha, ameicheka mila yake kwenye harusi ya watu, na kaka alikuwa huko kwao anamlilia.

"Basi nimeuza ng'ombe wa mahari ya binti yetu," Ogada aliendelea, "na mtumbwi pia. Nitafanya biashara ya mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikitolewa, hapa Mwanza viwandani yako mengi. Wazee nimewauliza, nikasema, mji wangu ukiwa Mwanza itakuwaje? Wakasema mji ni mji, mradi utangulie wewe. Wakanishangaa. Wakaniambia kama kijana alikuwa na haraka ya kazi angesema tu, ningekuja na jogoo wangu nikalala popote, yeye akafuata kesho yake. Kumbe ni jambo dogo hivyo!"

"Dogo hivyo," alirudia Owiti.

Kule nje, kando ya jiko lake la mkaa, Agutu alicheka, kicheko kimoja kikavu.

"Nikaja kimyakimya siku moja uko kazini na shemeji yuko sokoni," alisema Ogada. "Nikamuuliza balozi, mwenye nyumba anayokaa mdogo wangu ni nani? Balozi akanielekeza kwa Bwana Mihayo. Nikamwomba aniuzie. Nilifikiri hivi: nikinunua hii hii, Owiti hatafukuzwa na mgeni. Atakaa na mimi kama mgeni wangu, taratibu, mpaka apate pake. Bwana Mihayo alisita sana."

"Nilisita," alisema Mihayo.

"Akaniambia nisikwambie, nikufurahishe ghafla."

Owiti aliomba ruhusa akanawe uso. Alipita nyuma ya nyumba, kwenye jiwe, na Mihayo akamfuata bila kuitwa, mikono mfukoni.

"Umefanya nini?" Owiti alimkwida koti.

"Angalia koti, si la kwangu. Nimeuza nyumba."

"Ya nani?"

"Hilo swali uliulizwa na balozi ukalijibu mwenyewe. Ulilijibu kwa kelele. Waulize wale akina mama wa dagaa."

Juu ya jiwe mwanamke mmoja akampungia Owiti mkono.

"Nitakushtaki!"

"Nishtaki. Lakini utaanzia wapi, mwanawane? Utaanza kwa kumwambia kaka yako kwamba ulinunua kabla yake? Na kwamba mtoto alipokuwa anaumwa, na yeye anaapa kwa jina lake, wewe ulikuwa umekaa humu barazani mguu juu ya mguu?"

Owiti akaliachia koti. Mihayo akalinyoosha.

"Tena usinione mbaya. Hela zote hizo unafikiri nitazila peke yangu? Nina watoto. Na wewe nimekusaidia. Kaka yako anapata mji leo, wewe unakuwa mtu huru. Unaweza kununua popote. Ile nyumba ya Misungwi bado ipo."

"Misungwi!"

"Zilikuwa dakika ishirini. Sasa ni kumi na tano, barabara wameichonga."

Sitawaficha: hapo Owiti alikunja ngumi. Lakini kabla haijafika popote, sauti ya balozi ikaita kutoka uani.

"Mpangaji! Tunakusubiri wewe!"

Wakarudi. Karatasi ilikuwa juu ya kigoda, imewekewa kisu juu isipeperuke. Fedha za Ogada zilikuwa bado kwenye mapaja yake, zimefungwa kwenye kitambaa cha mkewe, mikono miwili juu yake.

"Mihayo ameshaweka sahihi," alisema balozi Paskazia. "Ogada ameshaweka dole gumba. Mimi siweki jina langu mpaka mnunuzi awe na shahidi wake. Nataka ndugu wa damu, na tena huyu ni mkaaji wa nyumba yenyewe. Owiti akiandika, mimi naandika, hela zinatoka, na mambo yamekwisha. Asipoandika, hakuna biashara." Akamtazama juu ya miwani. "Nauliza tena, maana mimi ndivyo nilivyo. Unalo dai lolote kwenye nyumba hii?"

Mihayo alikuwa anatazama mawingu.

Owiti aliangalia bati lake. Aliangalia ukuta wenye tundu la msumari alioung'oa. Akafikiri asubuhi ya siku ugeni wake utakapokwisha: Ogada na mkewe ndani, yeye na baiskeli njia ya Kisesa, au Misungwi, na lango linafungwa mara ya tatu. Akisema neno moja tu, nyumba inabaki na fedha za ng'ombe wa Ogada zinapona. Lakini neno lenyewe lilipaswa kupita mbele ya macho ya kaka yake, na macho hayo yalikuwa bado mekundu kwa kumlilia.

"Anaona haya," alisema Ogada kwa upole. Akachukua kalamu, akaiweka mwenyewe kwenye vidole vya mdogo wake, akavifunga kimoja kimoja. "Usione haya, owadwa. Kaka yako leo anapata mji. Hakuna kitu kitakachokuzuia tena."

"Subirini."

Alikuwa Agutu. Alikuwa ameingia uani kutoka kwenye jiko lake lililotupwa nje, mikono imejaa masizi, na hakuwa anamtazama mumewe.

"Shemeji Ogada," alisema. "Usifungue hicho kitambaa. Kabla Baba Hellen hajaandika, nina neno nataka kukuambia."

Ogada akageuza kichwa, mikono juu ya fedha zake. Balozi akainua miwani. Mihayo akaacha kutazama mawingu.

Na Owiti? Owiti aliona mdomo wa mkewe unafunguka, akainama haraka juu ya kigoda, akaanza kuandika jina lake ili litangulie neno la mkewe.